Fleti, nyumba ya safu, pacha au inayojitegemea: ununue ipi Reading?

Ukiuliza bei ya nyumba Reading utapewa jibu moja: wastani wa pauni 330,000 hivi. Si uongo, ila hakuna nyumba inayoitwa wastani. Kwa fedha hizo nyumba inayojitegemea utaitazama kwa nje tu, nyumba pacha (mbili zinazoshirikiana ukuta mmoja) itakupita, nyumba ya safu (zilizoshikana mstari mzima) utaipata ukikubali bafu lililo nyuma ya jiko, na kwa fleti nyingi za chumba kimoja utakuwa umepigwa. Anayetaka kununua katika mji huu afuate bei ya aina ya nyumba, si bei ya mji. Tangu 2016 hivi aina hizi hazitembei pamoja tena: nyumba zenye mlango wake na ardhi yake zimepanda, fleti zimekaa palepale.

Reading (hutamkwa "Reding") uko Berkshire, kama kilomita 60 magharibi ya London, pale mto Kennet unapoingia Thames. Ni mji, si jiji. Umeomba hadhi ya jiji zaidi ya mara moja ukanyimwa, na wenyeji bado inawauma. Treni ya kasi inafika Paddington kwa dakika 25 hivi. Hospitali ya Royal Berkshire, chuo kikuu, na kampuni za teknolojia za Thames Valley Park, Microsoft ikiwamo, huleta wapangaji na wanunuzi mwaka mzima.

Takwimu ya Reading si ya Reading yote

Takwimu rasmi hupangwa kwa mipaka ya halmashauri. Earley, Lower Earley na Woodley, ambazo kila dalali anaziuza kwa jina la Reading, ziko chini ya halmashauri ya Wokingham. Calcot na Purley on Thames ziko West Berkshire. Nyumba nyingi kubwa za familia zimo huko, nje ya hesabu, kwa hiyo wastani wa Reading umebebwa na fleti za katikati ya mji na safu za matofali zinazouzunguka. Tovuti inayokuonyesha wastani wa msimbo wa posta RG nayo imekosea upande wa pili: imekuchanganyia Newbury, Bracknell, Basingstoke na Henley ndani ya chungu kimoja.

Halafu angalia nani kahesabu. Rightmove, tovuti ya matangazo ya nyumba, huhesabu bei anayoiomba muuzaji, yaani bei ya ndoto. Nationwide na Halifax, wakopeshaji wa nyumba, kila mmoja huhesabu nyumba alizoziidhinishia mkopo mwenyewe, hivyo anayelipa taslimu hamo. Land Registry, ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, huhesabu mauzo yaliyokamilika. Hiyo ndiyo ya kutegemea, lakini inachelewa: bei unayoisoma leo ilikubaliwa miezi kadhaa nyuma, na nyumba mpya huchelewa zaidi kusajiliwa, kwa hiyo namba za miezi ya karibuni hurekebishwa. Kwa mji mmoja na aina moja ya nyumba mauzo ya mwezi ni machache. Namba ikiruka asilimia 3 mwezi huu, huenda ni nyumba chache tu za Caversham, upande wa bei kubwa, zilizouzwa wiki moja.

Kuna njia ya kuwapita wote hao. Land Registry ina orodha ya bure ya bei zilizolipwa, mtaa kwa mtaa, tangu 1995. Chukua mauzo 5 au 6 ya mtaa huohuo ya miaka 2 iliyopita. Kisha fungua rejista ya vyeti vya nishati, nayo ni ya bure, usome ukubwa wa kila nyumba kwa mita za mraba. Gawanya bei kwa mita. Ukifanya hivyo jioni moja utajua kuhusu mtaa ule kuliko dalali anavyopenda ujue.

Bei zilivyokwenda, na kwa nini

Machi 2014 ilitangazwa kwamba reli ya Crossrail, leo Elizabeth line, itafika hadi Reading. Wanunuzi hawakusubiri treni, walinunua tangazo. Bei zilipanda kwa kasi hadi 2016, kisha kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya ikapoza soko. Treni za kupita moja kwa moja hadi katikati ya London zilianza Novemba 2022, na kufikia hapo faida yake ilikuwa imeshalipwa ndani ya bei. Dalali akikuambia leo kwamba Elizabeth line itapandisha nyumba yako, anakuuzia uji uliokwisha kunywewa. Isitoshe treni hiyo husimama vituo vingi. Wenye haraka bado wanapanda ya kasi.

Kati ya 2020 na 2022 janga la korona liliwafungia watu ndani. Waliokuwa na bustani walishukuru, waliokuwa na fleti walitafuta bustani. Serikali ikapunguza ushuru wa stempu (anaoulipa mnunuzi wa nyumba) kwa muda kuanzia Julai 2020, nyumba za safu na pacha zikapanda, fleti zikaachwa.

Baadaye riba. Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa na riba ya 0.1% mwanzoni mwa Desemba 2021. Agosti 2023 ilikuwa 5.25%, na ikaanza kushushwa Agosti 2024. Ili uone uzito wake, chukua mkopo wa pauni 280,000 wa miaka 25. Kwa riba ya 1.5% unalipa kama pauni 1,120 kwa mwezi. Kwa 4.5% ni 1,556. Kwa 6% ni 1,804. Mtu anayemudu pauni 1,556 leo, enzi za 1.5% angekopeshwa 389,000 kwa malipo yaleyale. Nyumba hazikuporomoka kwa kiasi hicho kwa sababu wenye riba za kufunga miaka 5 hawakulazimika kuuza. Walikaa kimya, nyumba zikawa chache sokoni, na bei ikasimama badala ya kuanguka.

Fleti zilikuwa na balaa zake juu ya hilo. Mpango wa serikali wa Help to Buy, uliokuwa ukiwasukuma wanunuzi wa kwanza kwenye majengo mapya, uliisha Machi 2023. Moto wa Grenfell Tower, London, Juni 2017, uliua watu 72 na kuwafanya wakopeshaji wote waulize kuta za nje za kila jengo refu zimefunikwa na nini. Na wenye kupangisha, waliokuwa wanunuzi wakubwa wa fleti, wakaongezewa kodi.

Bei na ushuru kwa pamoja

Bei za jedwali hili ni za kukadiria, karibu na wastani wa kila aina ndani ya halmashauri ya Reading katikati ya 2025. Ushuru ni ule wa stempu, kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025.

| Aina | Bei ya mfano | Ushuru: mnunuzi wa kwanza | Ushuru: mnunuzi wa kawaida | Ushuru: mwenye nyumba nyingine |
|---|---|---|---|---|
| Fleti | £220,000 | £0 | £1,900 | £12,900 |
| Nyumba ya safu | £350,000 | £2,500 | £7,500 | £25,000 |
| Nyumba pacha | £430,000 | £6,500 | £11,500 | £33,000 |
| Inayojitegemea | £650,000 | £22,500 | £22,500 | £55,000 |

Mstari wa mwisho haukukosewa: nyumba ikizidi pauni 500,000, nafuu ya mnunuzi wa kwanza inafutika yote. Safuwima ya mwisho kulia ndiyo inayowaumiza Waswahili wengi, na tutairudia.

Fleti: unanunua miaka

Fleti nyingi za Uingereza huuzwa kwa lisi, yaani umiliki wa miaka maalumu. Msomaji wa Tanzania afikirie hati ya miaka 99, isipokuwa mwenye ardhi hapa ni kampuni, na kampuni hiyo inaendesha jengo na kukutumia bili. Nyumba za aina nyingine tatu kwa kawaida ni friholdi: jengo na ardhi ni vyako bila kikomo. Tofauti hii ndiyo kisa kizima cha bei.

Soma kwanza miaka iliyobaki. Zaidi ya 125 haina shida. Chini ya 90 anza kujadiliana. Ikishuka chini ya 80, kurefusha lisi kunakuwa ghali ghafla, kwa sababu sheria inampa mwenye ardhi nusu ya thamani inayoongezeka fleti inaporefushiwa lisi. Bunge lilipitisha sheria ya kufuta malipo hayo mwaka 2024, lakini kupitishwa na kuanza kutumika ni mambo mawili. Wakili athibitishe kifungu chenyewe kabla hujasaini. Jambo moja tayari limelegezwa: tangu Januari 2025 huhitaji tena kumiliki fleti miaka 2 ndipo uombe kurefusha.

La pili ni pango la ardhi, kodi anayodai mwenye ardhi. Lisi mpya zilizotolewa tangu 30 Juni 2022 haziruhusiwi kulitoza. Za zamani zinaruhusiwa, na mbaya ni zile ambazo pango linaongezeka maradufu kila miaka 10. Baadhi ya wakopeshaji hukataa pango linalozidi 0.1% ya thamani, yaani pauni 220 kwa fleti ya pauni 220,000. Benki ikikataa kumkopesha atakayenunua kwako, fleti yako itanunuliwa na wenye taslimu tu, na hao huja na bei zao.

La tatu, ada ya huduma, ndilo linalosahaulika. Tuseme ni pauni 2,400 kwa mwaka, yaani 200 kwa mwezi. Kwa riba ya 4.5% pauni 200 kwa mwezi ndiyo malipo ya mkopo wa pauni 36,000. Kwa hiyo fleti ya 220,000 inakugharimu kila mwezi sawa na nyumba ya 256,000 isiyo na ada. Tuwe wakweli: ndani ya ada hiyo mna bima ya jengo na matengenezo ya paa, ambavyo mwenye nyumba hujilipia. Lakini mwenye nyumba huchagua lini alipe. Wewe huchagui siku, unatumiwa bili. Omba hesabu za miaka 3 na uulize kama kuna notisi ya kifungu cha 20, ambayo lazima itolewe kila kazi moja inapomgharimu mwenye fleti zaidi ya pauni 250. Ukiona akiba ya jengo ni sifuri na paa lina miaka 25, hesabu mwenyewe.

La nne ni kuta. Jengo la ghorofa 5 na zaidi, au mita 11 na zaidi, uliza fomu ya EWS1 (ya usalama wa kuta za nje dhidi ya moto) na barua ya nani analipia marekebisho. Majengo mafupi hayana usumbufu huo kwa kawaida, na hiyo ni sababu nzuri ya kupenda fleti za ghorofa 3 kuliko minara ya karibu na kituo.

Mwisho, ukubwa. Tangu 2013 ofisi ziliruhusiwa kugeuzwa makazi bila kibali kamili cha mipango miji, na Reading ilikuwa na ofisi nyingi. Mpaka Aprili 2021 vyumba hivyo havikulazimika kufuata kipimo cha kitaifa, ambacho kinataka angalau mita za mraba 37 kwa mtu mmoja na 50 kwa chumba kimoja cha watu wawili. Studio ya chini ya mita 30 wakopeshaji wengi hawaigusi. Ina dirisha moja, haifunguki vizuri, na joto la Julai linabaki humo hadi Agosti.

Fleti inafaa nani basi? Asiye na gari, anayepanda treni kila siku, anayepata lisi ndefu katika jengo fupi lenye hesabu safi. Awe tayari kukaa miaka 5 na kuendelea, kwa maana akiuza baada ya miaka 2 gharama za wakili na dalali zinaweza kumla faida ambayo haikuwapo.

Nyumba ya safu: chunguza ukuta kabla ya jiko

Newtown, Katesgrove, mitaa ya Oxford Road, Caversham ya chini: hizi ni safu za karne ya 19 na mwanzo wa 20, zilizojengwa Reading ilipokuwa mji wa biskuti za Huntley & Palmers, bia na mbegu. Matofali mekundu na ya kijivu yamepangwa kwa nakshi ambazo huzioni mji mwingine kwa wingi huu. Nyingi zina vyumba 2 juu, 2 chini, na jiko na bafu vimebandikwa nyuma.

Ukuta wa nyumba hizi ni mmoja tu, tofali zima, unene wa sentimita 22 hivi, bila nafasi ya hewa katikati. Ulijengwa kwa chokaa ili unyevu uingie na utoke. Makosa huanza mtu anapoziba viungo kwa saruji: saruji haipumui, maji yanatafuta njia kupitia tofali lenyewe, baridi inayagandisha, uso wa tofali unabanduka kama ngozi ya mhogo. Ndani unaona doa la unyevu futi 2 kutoka sakafuni. Fundi wa kudunga kuta dawa ya unyevu atakwambia tabaka la kuzuia unyevu limekufa, lipa maelfu. Kabla hujamsikiliza, toka nje utazame chini: je, sakafu ya uani au njia ya miguu imeinuliwa ikapita tabaka hilo? Je, matofali yenye matundu ya hewa yamezibwa? Sakafu za mbao zinahitaji upepo chini yake. Ukiuziba, mbao zinaoza. Mara nyingi tiba ni koleo la kuondoa udongo.

Panda darini na tochi. Angalia mambo mawili. Paa la awali lilikuwa la sleti nyepesi. Kama limebadilishwa kuwa vigae vya zege bila kuongezewa mbao, litakuwa limebonyea katikati. Na dohani: watu wengi walibomoa sehemu ya chini wapate nafasi ya kochi, wakaacha iliyobaki darini ikining'inia. Lazima kuwe na chuma au mhimili unaoibeba na cheti cha halmashauri. Pasipo cheti, punguza bei au ondoka.

Baadhi ya safu zina kichochoro kati ya nyumba mbili na chumba cha kulala juu yake. Sehemu hiyo inaelea juu ya ardhi ambayo huenda si yako, na baadhi ya benki hukunja uso. Wakili aulizwe mapema, si wiki ya mwisho.

Bafu la chini hushusha bei, lakini kulihamishia juu kwa kumeza chumba cha kulala ni hasara zaidi: soko hulipia vyumba vya kulala. Afadhali kupanua. Kwa nyumba ya safu au pacha, upanuzi wa nyuma wa ghorofa moja hadi mita 3 kwa kawaida hauhitaji kibali cha mipango miji, na dari inaweza kuongezwa hadi mita za ujazo 40 kwa safu, 50 kwa aina nyingine. Fleti haina haki hata moja kati ya hizo. Kwenye maeneo ya hifadhi ya majengo ya kale masharti ni makali zaidi, na ukigusa ukuta wa pamoja jirani apewe notisi kwa sheria ya 1996.

Maegesho ni kwa kibali cha wakazi, mlangoni hakuna nafasi yako binafsi. Mwenye gari mbili afikirie mara mbili.

Chini ya nyumba: chaki, udongo na maji

Hili linahusu aina zote ila wanunuzi wengi huliruka. Sehemu za Reading zimekaa juu ya machimbo ya kale ya chaki. Januari 2000 ardhi ilititia Field Road, Coley, na wakazi wakahamishwa. Emmer Green nako kuna mgodi wa zamani. Bomba la maji linalovuja chini kwa chini ndilo huosha chaki polepole, kwa hiyo katika maeneo hayo mwombe wakili ukaguzi wa machimbo, na mkaguzi wa majengo atazame mifereji. Penye udongo wa mfinyanzi shida ni miti na kiangazi: udongo hunywea, msingi hushuka. Ufa wa mshazari unaozidi milimita 5, mpana juu kuliko chini, si wa kupaka rangi.

Caversham ya chini na kingo za Kennet hufurika. Ramani ya mafuriko ya serikali ni ya bure, isome kwa namba ya nyumba. Mpango wa Flood Re unashusha bima ya nyumba zilizojengwa kabla ya 1 Januari 2009 tu. Hapa nyumba kuukuu inaishinda mpya: nyumba ya 2012 kando ya mto haimo kwenye mpango, na bei ya bima yake ni ya soko huria.

Pacha na inayojitegemea

Nyumba pacha za miaka ya 1930 na za baada ya vita ziko Tilehurst, Earley na sehemu za Caversham. Kwa familia yenye watoto tunaziona ndizo chaguo bora kwa kila pauni: kuta za tabaka mbili, gari linaegeshwa mbele, njia ya pembeni ya kupitisha baiskeli na mapipa, nafasi ya kupanua. Vyuma vinavyounganisha tabaka za ukuta hupata kutu baada ya miongo. Ukiona nyufa za mlalo kwenye viungo kila baada ya safu kadhaa za matofali, mkaguzi atumie kamera.

Whitley, kusini, ilijengwa na halmashauri, na nyumba nyingi ziliuzwa kwa wapangaji wake tangu 1980. Ndipo bustani kubwa inapopatikana kwa bei ya safu ya mjini. Nyumba yoyote ya halmashauri ya miaka ya 1940 na 1950, popote Uingereza, hakikisha ni ya matofali kweli. Kuna aina za zege zilizotajwa kwenye sheria ya 1984 kuwa na kasoro, na bila cheti cha ukarabati benki hazikopeshi. Tofali unaloliona nje laweza kuwa vazi tu.

Anayeweka akiba kwenye Lifetime ISA (pauni 4,000 kwa mwaka, serikali inaongeza 1,000) akumbuke kikomo chake ni nyumba ya pauni 450,000. Pacha ya 445,000 inaingia. Ya 455,000 inakufanya utozwe 25% ya fedha unazotoa.

Inayojitegemea tutaipitia haraka. Lower Earley, iliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1970, imejaa nyumba ambazo kujitegemea kwake ni mita moja kati ya ukuta na ukuta, vyumba vya nne vikiwa vya kuweka kabati. Za Caversham Heights ni kubwa na za bei yake. Katika mitaa mipya uliza ada ya mtaa: unaweza kuwa na friholdi na bado ukalipia nyasi na taa kila mwaka bila kikomo kilichoandikwa.

Nyumba uliyonayo nyumbani

Mnunuzi wa kwanza ni yule ambaye hajawahi kumiliki nyumba popote duniani. Ghorofa ya Kileleshwa, nyumba ya Mbezi, hisa ya nyumba ya urithi Mombasa: vyote vinahesabiwa, hata kama umeshauza. Kiwanja kitupu si nyumba. Kama ulinunua kiwanja ukajenga, mweleze wakili mtiririko wote kwa tarehe, asikisie.

Nyongeza ya ushuru ya 5%, ile ya safuwima ya mwisho ya jedwali, ni jambo jingine. Inamgusa anayemiliki nyumba nyingine siku ya kununua, ikiwa sehemu yake ina thamani ya pauni 40,000 na kuendelea. Mume na mke wanaoishi pamoja huhesabiwa kama mtu mmoja, hata hati ya Nairobi ikiwa na jina la mmoja wao. Urithi wa nusu au chini ya nusu, uliopatikana ndani ya miaka 3, hauhesabiwi kwa nyongeza hii. Rudi kwenye jedwali: nyumba ya safu ya 350,000 inatoka ushuru wa 2,500 hadi 25,000. Anayeishi Muscat au Dar anayenunua Reading huongezewa 2% nyingine kwa kutokuwa mkazi.

Wakili ataomba chanzo cha kila pauni ya dipoziti. Fedha ya chama au upatu inakubalika ikiwa ina nyaraka: daftari la zamu, orodha ya wanachama, na taarifa za benki au M-Pesa zinazoonyesha michango ikitoka na zamu yako ikiingia. Mafungu yaliyotumwa na shangazi watano wiki moja kabla yatachelewesha kila kitu. Wenye viza ya kazi waulize benki mapema, kwani baadhi hudai dipoziti kubwa zaidi. Wanaokwepa riba nao wajue mipango ya ununuzi isiyo na riba ipo, kwa kawaida kwa malipo ya awali makubwa kuliko ya mkopo wa kawaida.

Mfano: wauguzi wawili

Wauguzi wawili wa daraja la 5 la mishahara ya NHS (huduma ya afya ya serikali), wote wanunuzi wa kwanza, kila mmoja akianza na mshahara wa pauni 31,049 (2025/26), wana 62,098. Benki ikiwakopesha mara 4.5 ya mshahara huo, ni mkopo wa 279,000. Tuhesabu kwa riba ya 4.5% na miaka 25.

Fleti ya 220,000 kwa dipoziti ya 22,000: mkopo 198,000, malipo 1,101 kwa mwezi, na ada ya huduma 200, jumla 1,301. Ushuru sifuri.

Nyumba ya safu ya vyumba 2 ya 310,000, upande wa Newtown au Oxford Road, kwa dipoziti ya 31,000: mkopo 279,000, malipo 1,551. Ushuru 500.

Tofauti ni pauni 250 kwa mwezi na 9,500 za kuanzia, na nyumba ya safu itadai matengenezo yake, ambayo tungeyawekea pauni 2,000 kwa mwaka. Kwa wanaotarajia mtoto au mgeni wa kupangisha chumba (pauni 7,500 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kodi), tungekaza mkanda na kuchukua safu. Ila mkopo huo umefika dari: mmoja akipunguza zamu, 1,551 inabaki palepale. Wasio na uhakika wa kukaa Reading zaidi ya miaka 3 wapange kwanza. Na anayedhani atapangisha nyumba ya safu kwa wanafunzi watatu au zaidi ajue kwamba karibu na chuo kikuu, tangu 2013, kuigeuza hivyo kunahitaji kibali.

Ukishakubaliana bei, kwa safu ya kale lipia ukaguzi wa jengo wa daraja la 3, ulio wa kina zaidi. Kwa fleti au nyumba ya miaka ya 1980 daraja la 2 linatosha. Makubaliano ya mdomo hayamfungi mtu England: mpaka pande mbili zibadilishane mikataba iliyosainiwa, muuzaji anaweza kupokea bei ya juu zaidi akakuacha na bili ya ukaguzi. Siku ya kubadilishana mikataba ndipo unapotoa 10%, na kuanzia saa hiyo hatari ya jengo kwa kawaida ni yako ingawa funguo bado huna. Bima ya nyumba ianze siku hiyohiyo. Kwa fleti, pata nakala ya bima ya jengo zima yenye tarehe ambayo haijapita.